Kumalizia Shanga za Ewoi

Kwa miaka mitatu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mwanamke wa Kiturkana akivua shanga zake zote kwa mpigo mmoja, shingo humlegea na kichwa kikainama kando kama alizeti iliyoiva. Aliyeniambia ni Ewoi, bawabu wa kinu cha kusaga mahindi ninakofanya kazi hapa Kitale. Aliniambia akiwa ameketi langoni anatunga shanga, bila kutabasamu, bila hata kuinua macho.

"Mfupa wa shingo unazoea," alisema. "Ukiuondolea kazi yake, unasahau."

Nikamuuliza, sasa wakitaka kubadilisha wanafanyaje.

"Wanatoa moja, wanarudisha moja. Kama vile unabadilisha nguzo za nyumba na watu wako ndani."

Mimi mtu wa Bungoma ningejuaje? Yeye ndiye Mturkana. Isitoshe, tulikuwa tunasoma ngumbaru pamoja jioni, na katika darasa lile la watu wenye ndevu yeye ndiye aliyepata hesabu zote.

Ewoi huyo huyo ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa shanga. Nilianza na kishikio cha funguo, nikaja kwenye kandambili za mke wangu, halafu nikashindwa kuacha. Ilifika mahali kuku wa nyumbani walikuwa wakiniona wanatoroka, wakihofia kuvikwa bangili. Nyinyi wenzangu mnaofuma vitambaa na kusuka vikapu baada ya kazi mnanielewa: mkono ukishaonja, hautulii tena.

Mwaka wa 2012 ukielekea mwisho, mimi nikapata cheti cha darasa la nane na Ewoi akapata kifua. Baridi ya Kitale ilimwingia, ikakataa kutoka. Wakati huo alikuwa anamtungia mkewe, Mama Arot, aliyebaki Lodwar, shanga za shingo nzima, mizunguko iliyopandana kutoka mabegani hadi kidevuni: nyekundu, manjano, kisha buluu, kisha anaanza upya. Alikufa buluu ikiwa nusu. Ndugu zake walikuja wakamchukua wakaenda kumzika kwao, na mkebe wenye kazi yake ukabaki mikononi mwangu.

Mwaka mpya ulikuwa umeshaanza Lokiru, mdogo wake, aliponipigia simu kunijulia hali. Katika maneno mengine akasema, "Mama Arot ametoa shanga yote. Shingo iko wazi."

Nilikaa chini juu ya gunia la mahindi. Akilini nilimwona shemeji yangu akitembea ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtungi wa maji. Siku hiyo hiyo nikaomba ruhusa kazini. Nilitaka kumaliza kazi ya Ewoi na kuiona shingoni kwa mkewe kabla mambo hayajaharibika.

Kitale, asubuhi. Nilipata nafasi kwenye lori la kabeji. Lori lenyewe lilikuwa na umri wa marehemu babu yangu na kikohozi chake pia. Dereva alinipa nafasi juu ya kabeji, akaniomba nisizikalie kwa hasira. Tulipopita Kapenguria kulikuwa na ukungu. Tulipoanza kuteremka kuelekea Marich, ukungu ukaisha, na mvua ikaisha, na mwishowe nikaona hata maneno yameniisha. Mkebe wa Ewoi nilikuwa nimeufunga tumboni kwa leso ya mke wangu.

Kainuk tulisimama tukisubiri magari mengine ili tupite na askari, maana majambazi huvizia sehemu ile. Mama mmoja alikuwa akisali kwa kunong'ona huku akifumua nyavu tupu za vitunguu, uzi baada ya uzi, anazungushia kwenye kijiti. Nilimuuliza za nini. "Ya kushonea mkeka," akasema. "Unatupa kitu gani na bado iko na nguvu?" Basi andikeni hilo: uzi mwekundu wa nyavu za vitunguu haupauki upesi na haumalizi mfuko. Mimi huko nyuma nimetupa nyavu za kutosha kuizungushia Kitale yote ua.

Baada ya hapo barabara ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na lami kidogo. Vumbi nililomeza kati ya Lokichar na Lodwar lingetosha kukandika nyumba ya vyumba viwili na jiko.

Lodwar, jioni. Lokiru alinipokea stejini, mrefu na mkavu kama kaka yake, hata nikashtuka. Nikamsalimia "Ejok" kwa sauti ya mtu aliyejifunza neno moja. Akaitikia, akanichukulia mzigo, akatangulia. Upepo ulikuwa unapiga mchanga kwenye mabati ya maduka, na makuti ya mikoma ya upande wa mto Turkwel yalikuwa yanakwaruzana kama watu wanaogombana chini kwa chini.

Mama Arot alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake ya makuti ya mkoma. Jambo la kwanza nililotazama ni shingo. Ilikuwa ndefu, nyembamba, na ngozi yake palipokuwa na shanga ilikuwa laini na nyeupe-nyeupe kidogo kuliko uso, kama ukuta ulioondolewa picha. Ilikuwa imesimama wima. Nikamshukuru Mungu kwamba nimewahi.

"Pole, shemeji," nikasema.

"Asante. Karibu. Njia ilikuwa mbaya?"

"Njia ipi, shemeji? Sikuona njia."

Hakucheka. Alinipikia chai, na kila alipoinama kupuliza moto mimi niliinuka nusu, mikono tayari. Mara ya tatu akageuka.

"Unatafuta nini kwa shingo yangu?"

"Hapana, shemeji. Naangalia kama moshi unakusumbua."

"Moshi ni yangu. Wewe kunywa chai."

Kisha nikatoa mkebe, nikautandika ule mzigo wa rangi juu ya blanketi. Blanketi ni muhimu: shanga ikianguka kwenye meza inakimbia, kwenye blanketi inakaa. Nikamwambia, "Ni za Ewoi. Zimebaki kidogo. Nimekuja tuzimalize." Mama Arot alitazama bila kusogea. Ewoi alikuwa ametungia uzi wa wavuvi aliokuwa akiagiza kutoka Kerio, kwa sababu jasho haliuli, na kila mzunguko aliufunga kwa fundo dogo bapa ambalo mimi sijawahi kuliweza.

"Hiyo fundo ni yake," alisema.

"Ndiyo. Shika uone."

"Mimi sishiki shanga sasa."

Akainuka, akaenda kwa mbuzi. Alikaa huko mpaka chai yake ikapoa. Mimi nikahitimisha kwamba nguvu zimeshaanza kumtoka mikononi, na kwamba shingo ndiyo inayofuata.

Kesho yake nikazunguka Lodwar kutafuta buluu. Ilikuwepo buluu ya sare za shule, na buluu ya mapipa, lakini buluu ya Ewoi ilikuwa ya mbali, ile ya ziwa ukiliona kutoka mlimani. Muuza duka mmoja alishika shanga yangu moja kwenye mwanga, akanirudishia. "Hii haiko hapa tena. Enda Kakuma, kwa wale wamama wa Sudan Kusini."

Njia ya Kakuma. Safari hii nilikuwa kwenye pikapu nyuma, katikati ya magunia ya sukari. Nchi ilikuwa tambarare na ya kijivu, na jua la huko halichomozi, linakuangukia. Tulipita mzoga wa ngamia kando ya barabara, halafu mwingine. Abiria mwenzangu akasema mwaka huu si mbaya. Nikashindwa kumuuliza ule mbaya ulikuwaje.

Kakuma, mchana. Nilivuka laga ya Tarach, mto mkavu wa mchanga, na kuingia kambini kwa wakimbizi, kwenye vijia vyenye maduka ya mabati na udongo ambako lugha zilikuwa nyingi kuliko bidhaa. Kila niliyemwonyesha shanga alinielekeza kwa Mama Nyibol, karibu na kanisa. Nilimkuta mbele ya kibanda chake, mama mrefu ajabu, amevaa msalaba wa mbao, anatarizi ua la zambarau kwenye shuka la kitanda. Alitazama shanga yangu, akaiuma kidogo.

"Hii ya zamani," akasema. "Ni ya nani?"

"Ya mjane. Mume wake alianza, mimi namalizia."

Sindano ikasimama. "Mjane wa lini?"

"Juzi juzi tu. Ndiyo nina haraka."

"Haraka ya nini?"

Nikamweleza habari ya shingo, yote, na alizeti. Alinisikiliza kwa heshima kubwa. Alipoona nimemaliza, akasema, "Malesh, pole, ndugu yangu. Kwetu mambo ya wafu iko na mpango yake. Kwao, uliza wenyewe." Akaingia ndani.

Alirudi na vazi la shanga la kiunoni, lile ambalo vijana wa kwao huvaa mwilini likabana kama ngozi, na rangi yake huonyesha rika. Lilikuwa zito, na katikati limejaa buluu ya Ewoi tupu. Akachukua wembe.

"Mama, ngoja," nikasema. "Ni la nani?"

"Ya ndugu yangu mdogo."

"Hatalihitaji?"

"Nilibeba mimi kwa sababu yeye alikuwa amechoka kutembea. Alisema atanipata mbele." Akakata uzi. "Hakufika. Wewe chukua, itakaa kwa mtu."

Tulielewana bei kwa maneno machache, na hakunifukuza. Nilikaa kibandani kwake mchana wote tukifanya kazi, yeye shuka, mimi shanga. Upepo uliponipeperushia uzi, akaniamuru nigeuke niupe mgongo. Nikamwonyesha jinsi ninavyopitisha ncha ya uzi kwenye mshumaa ili isichanuke. Akasema yeye hutumia sabuni, mshumaa ni wa kusomea. Kisha akanyoosha kidole kwenye mzunguko wangu.

"Umefunga mwisho tu?"

"Ndiyo, kama nilivyofundishwa."

"Funga na katikati. Shanga kidogo, fundo. Shanga kidogo, fundo. Uzi ikikatika ukikimbia, unapoteza kidogo tu."

Nilifanya alivyosema. Nilipomaliza mzunguko wa mwisho nikauweka pamoja na ya Ewoi, na hata kipofu angeona mahali mkono wake ulipoishia na wangu ulipoanzia. Mafundo yake yalilala. Yangu yalikuwa yamesimama kama maharagwe. Nikafikiria kuyarudia. Mama Nyibol akasema niache. Nilipoaga alinipa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na sindano, akarudi kwenye ua lake.

Lodwar tena, siku ya kurudi nyumbani. Niliamka na jua, nikakaa nje nikijumlisha safari. Kwa upande wa kazi za mikono nilikuwa nimevuna sana: blanketi, nyavu za vitunguu, sabuni, mgongo kwa upepo, fundo la katikati. Nilijifunza pia kutazama. Magamba ya shina la mkoma yanapishana kama mchoro wa kikapu, na zile rangi za Ewoi zilikuwa pale pale: udongo wa njiani, majani makavu, na nyuma ya vilima, ziwa. Kwa miaka yote nilidhani alizichagua dukani. Alikuwa anatunga kwao.

Kwa upande mwingine sikuwa na furaha. Lilikuwa limebaki jambo moja tu, lile nililolijia.

Mama Arot alitoka na chai. Lokiru alikuwa ameegemea mlango, anasubiri kunisindikiza. Nikaufungua mkebe, nikazitandika shanga zote, zimetimia. Safari hii shemeji aliinama. Hakugusa, lakini macho yake yalikwenda polepole juu ya mafundo yaliyolala, yakafika kwenye maharagwe yangu, yakasimama hapo.

"Hii ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Nisamehe kwa fundo."

"Iko sawa." Akamwambia Lokiru neno kwa Kiturkana. Lokiru akaingia ndani, akatoka na shuka la Ewoi, lile la mistari alilokuwa akijifunga langoni kule kinuni. Akazikusanya shanga zote, akazifunga ndani ya shuka, akaanza kurudi nalo ndani.

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Shemeji, usiziweke. Vaa, nakuomba. Hata mizunguko miwili tu, shingo ipate nguvu. Nimekuona umejikaza tangu nije, lakini mfupa hautavumilia."

Lokiru akasimama mlangoni. Mama Arot akanigeukia.

"Mfupa gani?"

Nikamweleza. Mfupa unaozoea, nguzo za nyumba, alizeti.

"Nani alikuambia hiyo?"

"Ewoi."

Akageuka kumtafsiria Lokiru, na kabla hajafika mwisho sauti ikamkatika kwa kicheko, cha kwanza nilichosikia katika boma lile. Lokiru naye akacheka, shuka la kaka yake kifuani. Nikajikuta nacheka nao, ingawa sikujua bado tunacheka nini.

Mama Arot alipangusa macho kwa nyuma ya mkono.

"Alikuwa anakuchezea, shemeji," akasema. "Shingo inasimama yenyewe. Mimi nilitoa shanga kwa sababu bwana yangu amekufa."