Lalamiko la Abiria wa Kiti cha Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana moja ya Malindi aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Lamu, mtaa wa Wiyoni, aliweka chini kikombe chake cha kahawa akawaita mafundi wenzake.

"Njooni mumuone huyu," alisema. "Kwao wanapanda punda, naye amekuja kutufundisha magari."

Walicheka, nami nikacheka nao kwa kukosa la kufanya. Ujanani nilikuwa na hasira za karibu, na bado ninazo kidogo, lakini siku ile nilizimeza kwa sababu kazi niliitaka. Alivyosema ni kweli. Vichochoro vyetu havipitishi punda wawili wenye mizigo mpaka mmoja ampishe mwenzake, seuze gari. Nadhani niliyapenda magari kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kwetu hayakuwepo.

Fundi Mkuu alikuwa mnene, mkali, na mikono yake ilinuka grisi hata siku ya Idi. Hakunipa spana. Alinikalisha karibu na lango niwasikilize wenye magari wakilalamika, na kazi hiyo niliifanya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Usifunue boneti mtu hajamaliza kusema," alinikanya. "Muulize gari linalia lini. Likiwa baridi au likiwa moto? Kwenye kona au kwenye tuta? Ukishajua lini, kujua wapi si kazi."

Nilikuja kuona kwamba lalamiko lina lugha yake. Mtu akisema gari linakohoa, mara nyingi ni plagi au mafuta machafu. Akisema linanguruma kama simba, tazamia ekzosi iliyotoboka. Akisema gari halina ubaya, anataka tu umpunguzie maneno ya mkewe, basi mtafute mkewe umuulize.

Kutoka Malindi nilipata kazi Kiunga, kwenye mradi mmoja wa bahari uliokuwa na magari ya kwenda pwani yenye mchanga. Huko Msimamizi wa Magari alikuwa mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache. Kila jioni tuliyaosha magari kwa maji matamu upande wa chini, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma kimya kimya. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya shida, na wanawake wa kijiji walituangalia tukiyamwagia magari kwa macho ambayo sijayasahau. Nilimwambia Msimamizi. Siku ya pili akatuamuru tuoshe kwa ndoo moja na kitambaa, akasimama kutuhesabia matone. Nilimpenda kwa hilo.

Mwisho nikaja karakana ya Mokowe, na hapo ndipo nilipozeeka. Msomaji asiyepajua kwetu nimweleze kidogo. Barabara ya kutoka Mombasa inaishia Mokowe, bara, kisha watu huvuka kwa boti kwenda visiwani. Kwa hivyo mtu wa Lamu au wa Pate mwenye gari lake huliacha Mokowe, chini ya mwarobaini, mpaka safari nyingine. Gari linakaa wiki, linakaa mwezi, linapigwa na upepo wa chumvi. Siku mwenyewe akivuka na watoto na mizigo, halitaki kuwaka.

"Juzi tu lilikuwa zima," alikuwa akiniambia. Hiyo juzi ukiichunguza ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Miaka ya mwisho mengi yalikuwa haya magari ya familia yaliyoinuka juu, ya viti saba, yanayokuja yametumika Japani. Ni magari mazuri, siyasemi vibaya, lakini magonjwa yake nayajua kama ninavyowajua watoto wangu. Betri hufa kwa kukaa. Diski za breki, yaani yale masahani ya chuma yanayobanwa ili gari lisimame, hushika kutu gari likalia kama mlango wa ghala. Panya huingia kwenye injini kufuata joto wakatafuna nyaya, na taa ya injini ikawaka mbele ya dereva akadhani amekwisha. Tena wote walilalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Nami nilimwona mtu huyo huyo akipakia watu kumi kwenye viti saba, magunia ya nazi juu, na shangazi mmoja aliyekataa kabisa kuachwa.

Meneja wetu alikuwa kijana kutoka bara, msomi, mwepesi wa kucheka. Tuligombana sana na kupatana sana. Nimemtaja kwa sababu alikuwepo siku aliyokuja Nahodha Bunu.

Nahodha Bunu alikuwa mtu wa Pate. Alikuwa ameendesha mashua ya abiria ya Mtangawanda, gati la Pate, umri wake wote, na alipoiacha bahari watoto wake wakamnunulia gari la viti saba. Halikuwa la fahari. Mkewe, Bi Mwanaisha, alikuwa na uvimbe, na daktari alimtaka Mombasa kila mwezi kutiwa dawa. Dawa ile ilimlegeza mno, hata basi hakuliweza tena. Nahodha alijifunza kuendesha na nywele zake nyeupe ili ampeleke mwenyewe, na wakati wa kurudi mama wa watu alilala kiti cha nyuma mpaka Mokowe.

Siku hiyo, wametoka Mombasa, Nahodha alikuja kubadilisha mafuta ya injini tu. Nikamuuliza kama kuna lalamiko. Akasema gari ni zima. Bi Mwanaisha alikuwa ameketi kivulini, amejifunika buibui, uso umemwisha. Akaniita kwa kidole.

"Fundi, msimsikize," alisema. "Gari lagonga. Kulla tuta lagonga, hapa tini, na mimi nimelala. Lagonga mpaka ndani ya mifupa. Nikimwambia husema mimi sikuzoea magari. Basi safari hii ndiyo ya mwisho. Mimi Mombasa sendi tena."

"Na dawa, Bi?"

"Dawa iko kwa Mngu."

Nilirudi kwenye gari na moyo mzito. Mwanamke yule alikuwa anaacha matibabu kwa ajili ya kelele, na mumewe hakujua, au alijua akajifanya hajui.

Tulipoliinua gari kwa jeki, harufu ikatupiga. Upande wote wa chini ulikuwa unang'aa, umepakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa ambayo kwetu hupakwa mbao za vyombo vya baharini zisiliwe na maji. Yalikuwa yamepakwa tabaka juu ya tabaka, kwa mkono wa mtu anayejua kupaka. Kwenye chuma hayakudhuru. Lakini magurudumu ya mbele hushikwa na mikono ya chuma, na kati ya chuma na chuma hukaa vipande vya mpira viitwavyo bushi, ili chuma kisigonge chuma. Mpira hauyawezi mafuta. Bushi zote zilikuwa zimevimba zikalainika kama tende. Nilitia kidole gumba kikazama. Hata mipira ya breki ilikuwa imeanza kuumuka, na breki za namna hiyo huua watu.

Meneja alikuja akainama akanusa. "Huyu mzee amepika gari ama amelikaanga?" akasema, akaanza kucheka.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo mfanyakazi hapaswi kumtolea mkubwa wake, kwamba akicheka mbele ya mzee yule mimi naacha kazi. Aliniangalia, akaona sitanii. Akaondoka akaenda kuongea na simu yake, na baadaye aliniomba radhi bila mimi kumdai.

Nilimwita Nahodha pembeni, mbali na kivuli cha mkewe. Nilimpa mkononi bushi moja niliyoing'oa.

"Nahodha, hii ni ya mpira," nilimwambia. "Ubao hunywa sifa ukanona. Mpira ukinywa, hufa."

Aliibonyeza. Akaibonyeza tena. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya kamba na makasia, na kile kipande kilipotea ndani yake.

"Kwani hugonga kwa sababu ya hii?"

"Ndiyo."

"Nami kulla likigonga nilizidi kupaka," alisema. "Nalisema ni kukauka. Chombo kikikauka hulia."

Nilimhurumia mno. Mtu amelala chali mchangani, umri ule, anapaka mafuta ili mkewe asisumbuke, na kila anavyopaka ndivyo anavyomuumiza. Nilitaka kumwambia kosa si lake, kwamba hakuna aliyemfundisha. Lakini alikwishanipa mgongo, anakwenda kivulini na bushi mkononi. Alisimama mbele ya Bi Mwanaisha.

"Mwanaisha, lagonga kweli," alimwambia. "Na alolivunda ni mimi. Ni yale mafuta."

Bi Mwanaisha aliichukua ile bushi akainusa. "Yale mafuta nayanusa tangu hapa mpaka Witu," alisema. "Nalidhani ni wewe."

Nahodha alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamuomba aende safari moja tu, gari likishatengenezwa. Bi Mwanaisha akasema atakwenda hiyo moja. Likigonga hata mara moja, asiambiwe tena habari za Mombasa.

Basi mimi ndiye niliyebebeshwa mzigo. Bushi na mipira ya breki tuliagiza Mombasa, zikaja kwa basi. Tuliosha gari lile chini kwa sabuni na maji ya moto mpaka paka wa Mokowe wakakata tamaa nalo. Nilikaza kila nati kwa mkono wangu. Nililiendesha kwenye kila tuta na kila shimo ninalolijua, Meneja amelala kiti cha nyuma kwa amri yangu, sikio limebandikwa kitini. Halikugonga. Hata hivyo siku waliyoondoka sikula vizuri, wala siku za kuwangoja.

Waliporudi, Nahodha alikwenda msikitini kuswali Alasiri, na Bi Mwanaisha akaja kwangu peke yake, polepole, ameshika ukuta.

"Limegonga?" nikamuuliza.

"Halikugonga," alisema. "Limenyamaa. Limenyamaa mno, fundi."

Nikamletea kiti. Alikaa, akavuta pumzi.

"Mimi hulala kule nyuma, yeye hudhani nimelala usingizi. Sasa gari halina kelele, namsikia. Bwana wangu hulia. Tangu tukitoka hospitali, ndia yote, alia taratibu kama mtoto aloonywa. Siyui ni tangu lini. Kule kugonga kulikuwa kukimfunika."

"Umemwambia?"

"Nimwambieje? Ataona haya. Na mkono wangu kule nyuma haumfiki." Alinitazama moja kwa moja. "Hilo nalo ni lalamiko. Mwalitengezaje?"

Kazi yangu yote sikuwahi kuulizwa swali kama lile. Fundi Mkuu wa Malindi, Mungu amrehemu, hakunifundisha la namna hiyo. Mwisho nikaenda kwenye gari, nikafungua mlango wa mbele wa kushoto, nikajaribu kukilaza kiti cha abiria. Hakikulala. Ule wenzo wa pembeni wa kukilazia ulikuwa umeliwa na kutu ya chumvi, ugonjwa wa kawaida kwa magari yanayokaa Mokowe, ila hakuna aliyewahi kulalamika kwa kuwa hakuna aliyewahi kulala mbele. Niling'oa kiti kizima. Nikasugua kutu, nikabadilisha springi, nikatia grisi, nikakirudisha. Kililala mpaka kikagusa kiti cha nyuma.

Nahodha alipotoka msikitini nilimwambia kiti cha mbele kilikuwa kimekwama, nimekitengeneza.

"Bi alale mbele," nilisema. "Nyuma pako juu ya magurudumu, panatikisa. Kiti cha mbele kikilazwa kiko katikati ya gari, hapatikisi sana."

Nilivyosema ni kweli, fundi yeyote atakwambia. Sababu ile nyingine, ya mkono, sikumwambia, wala yeye hakuiuliza. Bi Mwanaisha alikuwa anatazama kwengine, anarekebisha buibui lake.

Safari za Mombasa ziliendelea, mwezi baada ya mwezi, mpaka daktari akasema sasa aje mara moja moja tu kutazamwa. Mimi nami magoti yakaanza kukataa kuinama, nikastaafu. Siku hizi niko Wiyoni, nasikia punda, na mafundi vijana huvuka kuja kuniuliza mambo. Wana mashine ndogo wanayoichomeka chini ya usukani, ikawaandikia ugonjwa wa gari kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mashine hiyo naikubali, ingelinipunguzia miaka ya kubahatisha. Lakini kuna asubuhi naamka na hamu ya lango lile la Mokowe, ya kelele za spana, na ya mtu kuniambia juzi tu lilikuwa zima.

Wiki yangu ya mwisho kazini Nahodha na mkewe walipita, wanakwenda Mombasa kutazamwa. Nahodha aliteremsha kioo. Bi Mwanaisha alikuwa mbele, kiti kimelala nusu, uso umerudi kuwa uso. Nikawauliza kama nilivyozoea kumuuliza kila mtu, kuna lalamiko?

"Gari ni zima," alisema Nahodha.

"Msimsikize, fundi," akasema Bi Mwanaisha. "Siku hizi bwana huyu aendesha kwa mkono mmoya."

Nahodha aliinamisha kichwa, akatia gia kwa haraka kidogo. Nikamwambia Bi kwamba hilo silo la karakana, nikawafungulia lango wakapita.