Kikapu Nilichokisahau kwa Makusudi

Harufu ya rangi ya kucha hunirudisha Mtaa wa Mchikichi kila ninapoisikia. Juzi binti yangu alifungua kichupa chake sebuleni, nyekundu ya kukolea, nami niliyekuwa nakaanga vitunguu nikasimama na mwiko mkononi kama mtu aliyeitwa. Wengine harufu ile huwakumbusha harusi. Mimi hunikumbusha vikombe vya bati, chapati ambazo sikuzila, na uongo mmoja ulioninyima raha siku tatu nzima.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amenileta Kariakoo kutoka Lindi nikae kwa dada yake, Mama Mkubwa Zuhura, mpaka mambo yake yakae sawa. Yatakaa sawa lini, hakuna aliyeniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa nimeshaipenda shule yangu mpya, na kelele za sokoni, na kulala kitanda kimoja na binamu zangu wawili, Asha na Mwanaidi. Basi niliishi kama mgeni mwenye adabu nyingi, nikiogopa kosa dogo tu litanipandisha basi la kurudi Lindi.

Mama Mkubwa alikuwa na kikapu cha ukili. Hakwenda nacho sokoni tu, alitoka nacho kila aendako. Ndani yake kulikuwa na chupa kubwa ya kioo ya maji, vikombe vya bati, sahani, na kitambaa cha kufungia chapati. Wakati ule kila duka lilikuwa likigawa mifuko ya plastiki, rambo, bila hata kuombwa, na muuzaji akianza kuipuliza ifunguke, Mama Mkubwa alikuwa ameshamwonyesha kikapu. "Ninacho changu, baba." Tukiona maji ya kandoro yakiuzwa, yale ya baridi yaliyofungwa kwenye nailoni, na mimi nikiyakodolea macho, aliniuliza, "Una kiu ya maji au ya mfuko?" Ukweli ni kwamba nilikuwa na kiu ya mfuko.

Chini ya kila chombo chake kulikuwa na maandishi mekundu. Hiyo ilikuwa desturi ya mtaa mzima. Shughuli ikitokea, harusi au msiba, masufuria na sahani viliazimwa nyumba kumi, na bila alama usingejua cha nani kirudi wapi. Wengine walitumia rangi ya mafuta. Mama Mkubwa alitumia rangi ya kucha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa swala tano, na rangi huzuia maji ya udhu, kucha zake zenyewe hazikuwahi kuionja. Kwenye vikombe aliandika jina la mwenye kikombe na mtaa tuliokaa. Mimi siku niliyofika nilipewa kikombe kitupu kisicho na jina. "Shika hiki kwanza," aliniambia, na lile neno "kwanza" lilinikaa rohoni.

Idi ilipofika, Mama Mkubwa akasema siku ya pili tutavuka kwenda Kigamboni kutembea. Kikapu nilipewa mimi. Nilikibeba kwa fahari mpaka Magogoni, kwenye foleni ya pantoni, na hapo nikamwona Nasra.

Nasra tulisoma darasa moja. Baba yake, Mwarabu mpole, alikuwa na duka la vitambaa jirani na sisi, na siku ile Nasra alivaa gauni la marinda, mkononi kashika juisi ya ukwaju kwenye nailoni, anaivuta kwa mrija. Alikitazama kikapu changu, akaitazama ile chupa iliyochomoza shingo kama bata.

"Mambo, Rehema! Mnahama nini?"

Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania. Lakini neno kuhama, mimi niliyekuwa nikihesabu kila siku kama ya mwisho, lilinichoma. Machozi yakanilenga. Geti lilipofunguliwa na watu wakaanza kusukumana, nilikisukuma kikapu kwa mguu chini ya benchi, nikaondoka mikono mitupu, mwepesi kama watoto wengine.

Pantoni ilikuwa imeshaacha gati Mama Mkubwa aliponigeukia. "Kikapu kiko wapi?"

"Nimekisahau."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu. Kigamboni tulinunua maandazi, yakafungwa kwenye rambo, na maji ya kandoro, moja kwa kila mtu. Hatimaye nikaupata mfuko wangu. Maji yalikuwa na ladha ya nailoni, na yakanimwagikia kifuani nilipoutoboa kwa meno. Tena hatukuruhusiwa kutupa kitu pale mchangani. Nilitembea kutwa nimeshika mifuko minne mitupu inayonata, huku Asha akinikumbusha kila hatua kuwa chapati zilikuwa zimekandwa kwa tui la nazi.

Tuliporudi Magogoni kikapu hakikuwapo tena chini ya benchi, na nyumbani nilimsikia Mama Mkubwa akimwambia jirani uani, "Mtoto bado hajazoea hapa." Kwangu hiyo ilikuwa hukumu. Nilikusanya nguo zangu, nikazitia kwenye lile rambo la maandazi, nikalificha nyuma ya mlango ili siku ya kuondoka isinikute sijajiandaa. Nililia kimyakimya na wala sikujua kama nalilia Kariakoo au kikapu.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, tukasikia hodi. Alikuwa mama mmoja wa makamo, amejitanda kanga, na kichwani ana kikapu chetu.

"Nauza mihogo pale Magogoni," alisema baada ya kukaribishwa mkekani. "Nimevisoma vikombe, nikasema huyu mtu ana anwani kuliko hata barua. Nimeulizia mpaka nimefika. Chapati, dada yangu, nisamehe, tumekula. Zingeharibika."

Mama Mkubwa alicheka mpaka akajifuta macho. Vyombo vilikuwa vimeoshwa vinang'aa, na chini yake kulikuwa na mihogo na nazi mbili, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama mwenyewe humjui. Nilipomwamkia shikamoo, mgeni akanitazama vizuri.

"Marahaba. Ah, si ndiye huyu! Nilimwona akikisukuma chini ya benchi. Nikasema mtoto ana akili, anakificha wezi wasikione."

Mama Mkubwa alinitazama, nami nikatazama miguu yangu.

"Ndiyo," alisema. "Huyu wangu ni mwangalifu sana. Haya, mpe mgeni chai. Tumia kikombe chako."

"Sina kikombe changu," nikasema.

"Vipindue."

Nilivipindua kimoja kimoja. ZUHURA. ASHA. MWANAIDI. Cha nne kilikuwa kile kitupu, kile cha "kwanza", na chini yake, kwa wekundu ambao haujapata kuchubuka, kulikuwa na jina langu na jina la mtaa. Nikakumbuka asubuhi ya Idi mosi, nilivyoisikia harufu ya rangi nikitoka kwenda kwenye bembea Mnazi Mmoja, nikadhani Asha anapaka kucha. Nilikuwa nimebeba jina langu mpaka Magogoni na kulitupa chini ya benchi bila kulisoma.

Mgeni alipoondoka, Mama Mkubwa alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Kumbe siku zote alijua. Alilichukua rambo, akamimina nguo zangu kitandani, akalikung'uta na kulikunja vizuri. "Huu mfuko bado mzima," alisema. "Nitautumia kumpelekea jirani mihogo." Kisha akazipanga nguo zangu kabatini, katikati ya za Asha na Mwanaidi.

Nilikaa pale miaka kumi na mmoja. Siku hizi mifuko ya rambo imepigwa marufuku, na vijana wa ofisini kwetu wanaotembea na vikombe vyao huniambia wanapunguza taka. Nawaunga mkono, nami changu kimo mkobani, kimebanduka rangi pembeni. Mama Mkubwa naye alichukia taka. Ila nilikuwa mtu mzima, yeye ameshazikwa, nilipoelewa kwamba kilichomkera hasa ni kitu kutupwa kama hakina mwenyewe. Juzi, vitunguu vikiungua jikoni, niliazima kile kichupa cha binti yangu. Nikakipindua kikombe, nikapitisha rangi mpya juu ya jina langu.