Ncha ya Upanga wa Bwana Haruo

Harufu ya chuma kilicholowa maji ya magadi ndiyo harufu ya masika yale nyumbani kwetu Sepuka. Bwana Haruo, Mjapani aliyekuja kuchimba visima, alipanga chumba kwetu, na baba yangu alikuwa dereva wake. Bwana Haruo alikuwa amekuja na upanga wa marehemu baba yake, mrefu, umepinda kidogo, umeliwa na kutu. Jioni walikaa wawili barazani wakiulaza juu ya kinoo, wakiusukuma mbele na nyuma taratibu, kuanzia kinoo kinachokwaruza hadi kile laini kama sabuni. Maji yalitiwa magadi ili kutu isirudi. Kiswahili cha Bwana Haruo kilikuwa cha salamu na chakula tu, lakini sijapata kumsikia baba akicheka na mtu mwingine namna ile.

Mvua zikiwa bado zinanyesha, Bwana Haruo aliugua, akarudishwa kwao kutibiwa. Siku ya kuondoka alimkabidhi baba upanga kwa mikono miwili.

"Ncha bado," alisema. "Mimi rudi, sisi maliza."

Ncha ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Hailazwi kwenye kinoo kama upanga wenyewe. Husuguliwa peke yake kwa kijiwe chembamba kama ukucha, kilichobanwa chini ya kidole gumba. Baba aliumaliza mwili wote wa upanga, ncha akaiacha na kutu yake, akingoja. Kisha simu ikapigwa kutoka ofisini kwao: Bwana Haruo amefariki. Baba alikaa barazani akalia mbele yetu, jambo ambalo sikujua kwamba akina baba wanaweza kulifanya. Majirani walimshauri auuze upanga, kwani asiyekuwapo na lake halipo. Alikataa.

"Baba Neema," mama alimwambia, "imalize. Ndugu zake wasiukute nusu."

Akaimaliza, mimi nikimmiminia maji, kidole chake kimechubuka mpaka damu. Kiangazi kilipoingia, binti wa Bwana Haruo alikuja kuuchukua. Niliposema shikamoo hakuelewa. Aliufunua upanga, akaona uso wake ndani ya chuma, akamwinamia baba muda mrefu.

Masika yale nilidhani msiba humfika mtu mara moja, akalia, akanyamaza, maisha yakaendelea. Siku hizi baba ni mzee na kumbukumbu zimemtoka. Jina langu hulisahau, lakini jioni huniuliza, "Mgeni wangu amefika?" Mwanzoni nilimwambia ukweli, naye akalia upya, kama ndiyo kwanza simu imepigwa. Nikamwambia tena siku nyingine, akalia tena. Sikuweza kuendelea.

"Bado, baba," namjibu sasa. "Yuko njiani."

"Basi mwekeeni chakula."

Tunamwekea.