Mtu Mmoja, Viti Vinne

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watani wangu hapa Mtoni wanasema siku nikifa hakutakuwa na haja ya kuuleta mwili nyumbani kuagwa, maana nitakuwa nipo tayari. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikawa karani wa ghala mpaka nikastaafu, na tangu hapo safari yangu ndefu ni ya kutoka barazani kwenda bandani kwa kuku. Mke wangu anasema nikivuka geti nitauliza njia ya kurudi.

Basi binti yetu alipojifungua kule Goba, mke wangu akaenda kumwangalia mzazi, mie nikaachwa kulinda nyumba. Aliniachia maharage kwenye jokofu, yamegawanywa kwenye makopo kama dawa za mgonjwa. Ya kwanza niliyapasha vizuri. Yaliyofuata niliyaunguza. Yaliyobaki niliwapelekea kuku; wakayatazama, kisha wakanitazama na mimi. Jumamosi mchana nikavaa shati la kanisani, nikafunga geti, nikaenda kula hotelini, kando ya barabara ya Kilwa.

Hoteli zetu hazikujengwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ukiingia peke yako unaonekana kama umefiwa, au umegombana, au unamsubiri mtu ambaye hupaswi kuonekana naye.

"Karibu baba," mhudumu alinipokea. "Mko wangapi?"

"Niko mwenyewe."

Akachungulia nyuma ya bega langu mpaka mlangoni. "Wengine wanakuja?"

"Nimekuja na njaa tu, mwanangu. Haihitaji kiti."

Alicheka, akanikalisha chini ya feni, meza ya watu wanne. Nikaagiza samaki wa kukaanga na ugali, nikanawa, nikatulia kama bwana shamba aliyekuja kukagua mazao. Vile viti vitatu vitupu vilinikodolea macho kama wajumbe wa kamati. Tatizo la kula peke yako si chakula, ni macho: utayaweka wapi? Nyumbani nayaweka kwenye televisheni, au kwa mke wangu anaponikataza kutafuna kwa sauti. Pale nilisoma tangazo la soda ukutani mpaka nikalikariri.

Samaki alikuja, mzima, mkia unatoka nje ya sahani. Sijameza tonge la pili, ikaingia familia: baba, mama, watoto, na bibi wa kushikwa mkono. Mhudumu akanijia.

"Baba angu, samahani. Naomba nikusogeze kidogo tu."

Kusogezwa kidogo kumbe ni mpaka mlango wa jikoni. Nikahama na samaki wangu, yeye kabeba ugali nyuma, tunaongozana kama maandamano ya matoleo. Kule kila mlango ukifunguliwa ulinipiga kiwiko, na moshi wa vitunguu ulinitoa machozi mpaka mpishi akaniuliza kama nina matatizo. Nikasema la, nakula. Mara wakaingia vijana na keki yao ya sherehe ya kuzaliwa, wanatafuta pa kuunganisha meza. Mhudumu akarudi, safari hii sauti imeongezwa asali.

"Baba angu mzuri..."

Nikajua nahama. Nilipokuwa baba nilipelekwa jikoni. Baba mzuri si atakuwa barabarani? Lakini alikuwa na trei mikono yote miwili, akanionyesha kwa kidevu tu: kule pembeni, kuna nafasi, nenda ukae nao.

Nikabeba sahani mwenyewe. Pembeni walikaa wawili: mwanamume mnene aliyevaa koti katika joto lile, na mama wa makamo, kitenge kipya na kilemba chake. Kila mmoja alikuwa na soda aliyoisahau.

"Habari za hapa," nikasema. "Nakaa kidogo."

Wote wawili waliinuka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, kaeni tu."

Wakatazamana kwa namna ya kuulizana jambo, halafu hawakuulizana. Nikawaza, mtaa wetu una adabu siku hizi.

Sasa nielezee, la sivyo mtanidhania vibaya. Kwetu watu wakienda kwenye mazungumzo ya ndoa huchukua mzee mmoja wa kukaa. Kazi yake si kuongea. Kazi yake ni kukaa, kula na kutikisa kichwa, ili siku ikija kuulizwa nani alikuwepo, awe alikuwepo. Mzee wa namna hiyo upande wa pili haumuulizi yeye ni nani. Ni kama kwenda kwa wakwe ukaomba risiti ya kochi. Na wale wawili walikuwa kwenye mazungumzo hayo hayo: yule wa koti ni baba mdogo wa kijana, yule mama ni shangazi wa binti. Kila mmoja aliamini mwenzake kanitanguliza mimi, nikasubiri mpaka njaa ikanizidi nikaagiza.

"Shangazi, tusizunguke," baba mdogo akaendelea pale walipoishia. "Mahari imekwisha, watoto wamependana, kilichobaki ni mahali tu. Sie tunasema harusi ni Moshi. Kijana ndiye wa kwanza kwao. Babu anataka aolee kwenye migomba yake."

"Na mie narudia, baba mdogo. Mama yake binti hainuki kitandani bila watu wawili. Mkimpakia garini hatafika hata Chalinze. Harusi ikiwa Moshi, hataiona. Na mtoto wake ni huyu huyu mmoja."

"Atapigiwa video."

"Video! Wewe ulipooa, mama yako alikuona kwenye simu?"

"Mie nilipooa hata simu hazikuwepo."

"Sasa kumbe unajua."

Tonge likanigandia mkononi. Ndipo nilipoelewa nimekaa wapi. Nikataka kuinuka niombe radhi, nirudi jikoni kwenye moshi wangu. Lakini baba mdogo alikuwa ameshasema, "Tukiondoka leo hatujaelewana, sie haturudi tena." Ningetamka kwamba mimi ni mpita njia tu, kila mmoja angemrukia mwenzake kwa kuanika habari za mgonjwa mbele ya mtu baki, na yule mama aliye kitandani angekosa harusi kwa sababu mimi sikutaka kula maharage. Nikainamisha kichwa, nikala. Sikuwahi kula kwa heshima namna ile.

Kumbe ukimya wangu ulikuwa unafanya kazi. Baba mdogo akapiga meza kwa kidole. "Wazee wamesema ni Moshi, au basi!"

Wakati huo huo mwiba ukanikaa kooni. Nikakohoa. Nikakohoa tena, nikainua mkono kuomba maji.

Baba mdogo akanywea. "Samahani mzee. Si kwamba basi kabisa. Wazee wangependa tu."

Shangazi alinipa soda yake, nikanywa, mwiba ukashuka. Nikajifuta machozi, nao wakayatazama machozi hayo kwa uzito mkubwa.

"Mzee hajasema neno," shangazi akasema polepole. "Tumsikilize naye."

Jamani. Mimi, ambaye nikigombana na jirani juu ya kuku wangu humtuma mke wangu. Nilitafuta methali, hakuna hata moja iliyojitokeza. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Mimi leo nilikaa vizuri, nimeshanawa, nimeshaanza kula, nikaambiwa nisogee kidogo. Nikasogea. Nikaambiwa tena. Nina miguu yangu mizima, na bado imeniuma. Sasa mtu asiye na miguu..." Nikakwama, nikamtazama samaki. "Mgonjwa asihamishwe. Mwenye miguu ndiye amfuate."

Baba mdogo aliizungusha chupa ya soda mpaka nikahisi kizunguzungu mimi.

"Haya," akasema mwishowe. "Kule nyumbani walinituma nisikubali kwa mwanamke. Hawakuniambia nimkatalie mtu mzima ambaye chakula kiko mkononi. Harusi iwe hapa hapa Mtoni. Moshi tutakwenda baadaye, maharusi wakapokelewe."

Shangazi alijifuta uso kwa kiganja. "Mungu akubariki, baba mdogo. Ila niseme kweli, sikutegemea mzee wenu angetutetea sie."

"Mzee wetu?" Baba mdogo akaiweka chupa chini. "Si wenu?"

Mhudumu hakuweza kuchagua wakati mwingine. "Baba angu, ile familia imeondoka," akasema, na mkono tayari uko kwenye sahani yangu. "Nikurudishe kwenye feni?"

"Umrudishe?" baba mdogo akauliza. "Kwani alikuwa kule?"

"Ndiyo, alikuwa mwenyewe tu. Nimemhamisha hamisha, maskini, hata hajalalamika."

"Yesu wangu!" Shangazi akashika kilemba. "Na mie nimemwaga habari za wifi yangu zote!"

"Nilitaka kusema," nikajitetea. "Lakini mlinisalimia vizuri."

Baba mdogo alinitazama kuanzia shati la kanisani hadi kwenye vidole vyenye ugali. Sababu ya kurudisha neno lake alikuwa nayo sasa, nzuri kabisa: aliyemshauri si mzee wa yeyote, ni mteja wa samaki. Shangazi alikumbatia pochi yake kwa mikono miwili. Mimi nilimuwaza yule mama ambaye sikumjua, kitandani, anasubiri simu.

Baba mdogo akaunyoosha mkono, akaukandamiza juu ya sahani yangu.

"Dada, acha hiyo sahani. Mzee asihamishwe. Si ndilo neno tulilokubaliana hapa?"

"Ndilo!" shangazi akadaka upesi, kabla hajabadilika. "Na muongezee samaki. Huyu amekula miiba tu."

Kadi ya harusi ililetwa mpaka nyumbani, kadi ya dabo, ya mume na mke. Mke wangu, aliyekuwa ameshakwisha kurudi kutoka Goba, aliigeuza mbele na nyuma.

"Siku nilipokuacha na maharage ndiyo umeoza mtoto wa watu? Wewe?"

Ukumbini mama wa binti alikuwa mstari wa mbele kabisa, kwenye kochi lililobebwa kutoka kwao, mito kila upande. Niliwaona wapiga picha wakiinama kumwomba asogezwe kidogo, na kwa mbali nikaona lile koti limesimama mbele yao, kichwa kinakataa, kinakataa. Bibi harusi alipopita, alimpigia magoti mama yake pale pale alipokuwa.

Muda si mrefu akaja kwetu binti mmoja wa kamati, amevaa utepe, anatabasamu.

"Baba angu mzuri, samahani. Nilikuwa naomba nyie wawili msogee kidogo tu..."

Mke wangu alikuwa ameshainuka. Mie nikashika meza.