Mbegu za Shangazi Rosalie

Maharage yaliyolala majini siku mbili yana harufu yake, ya udongo kwanza, kisha ya uchachu unaong'ang'ania puani. Mpaka leo nikiinusa jikoni kwangu, moyo hunienda mbio kama wa mtu aliyefumaniwa. Hunirudisha kwenye msimu mmoja wa mvua, nilipokuwa darasa la sita, nyumbani kwetu Nyakasanza, mtaa wa mji wa Bunia. Shangazi Rosalie, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekimbia vita kijijini Bule, kule Djugu, na watoto wake watatu, wakatukuta sisi sita katika vyumba viwili. Redio ilisema Bunia inaendelea kuwafyonza wahamishwa wa Djugu. Mimi nilichojua ni kwamba nililala na binamu watatu kwenye mkeka uliokuwa wangu peke yangu, na nilikuwa na kinyongo.

Shangazi alikuja na kitu kimoja tu kutoka shambani kwake: mbegu za maharage, kiasi cha glasi moja, alizozifunga ndani ya kipande cha kikwembe chake cha kujifunga na kukimbia nazo kiunoni. Zilikuwa nyeusi zenye madoa meupe. Mama yake alizichagua punje kwa punje kila mavuno, naye akaendelea vivyo hivyo, sokoni hazikupatikana. Alizichanganya na majivu ili wadudu wasizitoboe, akazitundika kwenye boriti ya chumba. Hata siku tulizokula sombe, majani ya muhogo, bila kitu kingine, hakuna aliyethubutu kuzitaja.

"Hii haiko chakula," aliniambia. "Hii ni shamba yangu. Siku kutakuwa amani, nitaipanda."

Shuleni, mwalimu wetu wa sayansi aliandika neno refu la Kifaransa ubaoni, kisha akatufafanulia kwamba maana yake ni kufyonza. Alimwaga chai mezani akaifuta kwa kitambaa. Alitugusisha bati jeusi lililofyonza jua tangu asubuhi. Alisema hata dawa ya malaria lazima mwili uifyonze ndipo homa ishuke. Mwishowe akataka kila mmoja alete glasi ya maharage makavu. Ya mama yalikuwa yametobolewa, tena yamebaki kiganja kimoja, nami nilitaka yangu yavimbe kuliko ya wote. Shangazi alipokwenda kufua, nilipanda juu ya kiti, nikafungua kile kitambaa, nikaosha majivu, nikabeba mbegu zote. Kitambaa nikakijaza vijiwe ili kionekane kile kile. Hapo siwezi kusingizia utoto, maana aliyejua kuficha alijua kwamba anaiba.

Nilimimina maji na kuiacha glasi dirishani mwa darasa. Kwa siku mbili akili yangu yote ilizama humo. Hesabu na historia zilinipita bila kuniachia kitu. Maharage yalivimba mpaka yakafurika ukingoni, mwalimu akainua glasi yangu darasa zima liione, nikapigiwa makofi. Kisha akasema, taratibu tu: "Kitambaa unaweza kukamua, maji itatoka. Lakini haragi ikishakunywa, imeamka. Ukiikausha tena, inakufa." Makofi yalikuwa hayajaniisha masikioni. Niliona aibu hata kunyanyua macho.

Hata hivyo nilizianika nyuma ya jiko, nikazirudisha ndani ya kitambaa pamoja na majivu, nikimwomba Mungu mwalimu awe amekosea. Baada ya wiki moja shangazi alikiteremsha. Mbegu zilikuwa zimeota ukungu, nyingine zimechomoza vikia vyeupe vilivyonyauka. Alikaa sakafuni, akatazama juu kwenye mabati.

"Ni mvua," alisema. "Miye mwenyewe niliiweka mubaya."

Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, alichutama mbele ya huyo yaya wake, dada yake mkubwa. "Unisamehe, yaya. Hii nyumba yangu inavuja."

Kesho yake alipanda juu ya paa na kopo la lami, kuziba tundu ambalo halikuwapo. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Aliniuliza kama naona mwanga kutoka chini, nikamjibu kwamba sioni, na hilo ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile.

Sasa nina watoto wangu, na nyumbani kwangu pia wamekuwa wakifika jamaa na vifurushi vyao, nami huwatandikia mkeka haraka kuliko inavyohitajika. Baba alifariki akiamini kwamba paa lake ndilo lililomharibia dada yake mbegu. Shangazi bado yuko Bunia. Naweza kumpelekea gunia la maharage ya sokoni, na nimempelekea mara nyingi, naye hushukuru. Mwezi uliopita tulikuwa tukichambua gunia kama hilo, nikamwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, au kwamba angecheka na kusema ni mambo ya utoto. Badala yake aliweka ungo chini, akanikazia macho, na nikaona uso wake umepata matumaini.

"Sasa haikukuwa mvua," alisema. "Basi, hata mbegu moja haikuanguka pembeni? Mu mufuko? Kule ku masomo?"

"Hapana, tantine," nilimjibu shangazi. "Niliweka zote mu maji."

Alitikisa kichwa polepole, akauvuta tena ungo.