Wimbo wa Anselme Mwezekaji

Mauricette, mwenzangu wa kwaya, alifiwa na mumewe mapema, akaishi kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Dada yake wa mji wa Nantes alimtaka akakae naye, na mnunuzi wa nyumba ya Mauricette alikwisha kumpata. Kilichobaki ni neno la Mauricette tu. Halikutoka, kwa sababu ya Anselme.

Anselme ni mwezekaji wa vigae vya mawe meusi, vile vya kwetu Anjou, Ufaransa. Kila baridi ikipita hupanda kuziba paa la Mauricette, akashuka, akanywa kahawa, akaenda zake. Hajasema lolote la moyoni. Tena humwita kwa ile "wewe" kubwa, vous, tunayomwitia padri.

Sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, baada ya misa, tulikula pamoja ukumbini. Ikifika pai ya plamu, mwenye wimbo husimama. Akasimama Anselme! Wimbo aliutunga mwenyewe, na kila ubeti uliishia hivi: nimefanya santwa.

Hapo tukapotea. Kifaransa huandika herufi nyingi kisizozitamka, basi santwa ikipita sikioni yaweza kuwa mapaa mia, na yaweza kuwa bila wewe. Nimefanya mapaa mia. Au, nimeweza bila wewe. Na "wewe" yenyewe ni ile ndogo, toi, ya mtu na mpenzi wake, au mtu na mbwa wake.

"Anatangaza kazi huyo," alisema Régine muuza mikate.

"Mbona alikuwa anamtazama Mauricette?" nikauliza.

"Alikuwa anatazama pai, shoga. Si ilikuwa mbele ya Mauricette?"

Mauricette hakucheka. Alinivuta jikoni.

"Dada, nisaidie. Kama ni mapaa, mimi naenda Nantes. Kama ni bila wewe, ananiambia nenda tu, nimezoea? Au ananiambia amechoka kuzoea? Na hiyo toi, mimi na yeye tumefika huko lini?"

"Sijui, mama. Tusali."

"Tumesali asubuhi nzima! Wewe ndiye mwenye masikio kwaya nzima."

Masikio yangu hayakufaa kitu. Kila nilipoukumbuka ule wimbo niliusikia vingine. Nikamwambia akamuulize mwenyewe, nami nikamfuata nyuma na sahani mikononi, Mungu anisamehe.

Anselme alikuwa anakunja meza.

"Bwana Anselme," alisema Mauricette, kwa ile kubwa, "mmeimba mapaa, au mmeniimba mimi?"

Akawa mwekundu hadi shingoni. "Kwani umesikiaje?"

Umesikiaje. Ile ndogo! Mauricette akatafuta kiti, akakaa.

"Nimesikia yote mawili."

"Basi ndivyo wimbo ulivyo," alisema Anselme. "Nilianza na mapaa. Katikati nikaona siimbi mapaa tena. Sasa hata mimi nikiuimba sijui nipo kwenye lipi."

Mimi nilikuwa nimeshika sahani zile zile, sijui niondoke au nibaki.

Jioni Mauricette alimpigia dada yake simu, akasema mnunuzi asimngoje.

"Kuna nini? Umeposwa?" dada akamuuliza.

"Sijui," Mauricette akajibu. "Nimemwita aje kula Jumapili. Nitamuuliza tena."