Vidonge Vinne Nilivyotoa Kwenye Chupa Yangu

Kwa miaka mingi nilikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu: chupa ndogo ya kahawia niliyoificha nyuma ya kopo la majani chai. Jirani zangu pale Kondele walijua. Chumvi wangepata kwangu, makaa ya moto wangepata, hata godoro wangeazima, lakini vidonge vya kichwa, hapana. Walinisema, nami nilijifanya sisikii. Ukweli ni kwamba maneno yao yaliniuma.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kipandauso kilikuwa kikinijia nikiwa darasani. Kwanza naona vimulimuli ubaoni, kisha upande mmoja wa uso unaanza kugonga, kisha natapika. Daktari mmoja wa mjini ndiye aliyeniandikia dawa. Kabla hajashika kalamu aliniuliza kama nina mimba. Nikamkunjia uso. Mwanamume nisiyemjua ananiuliza jambo ambalo hata mama mkwe wangu hawezi kuniuliza!

"Mama, usikasirike," akasema. "Hii dawa inakaza mishipa ya damu. Inaweza kukaza hata tumbo la uzazi, mtoto aharibike. Meza viwili kichwa ikianza, na usirudie ovyo ovyo. Na hii ni yako peke yako. Usipatie mtu."

Nilikuja kumwamini baada ya kumkaidi. Wiki moja ya mitihani nilimeza vidonge kila siku, vidole vikafa ganzi hata chaki ikawa inaniponyoka, na kichwa chenyewe kikarudi kwa hasira. Tangu hapo niliiheshimu dawa ile, na kuiogopa.

Basi mke wa shemeji yangu akaja kukaa nasi wiki moja, pamoja na mama mkwe wetu, kutoka Pap Onditi. Kwetu wake wa ndugu huitana nyieka. Yeye alitoka upande wa Maragoli na Kijaluo kilikuwa bado kinampiga chenga, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alikuwa ameolewa miaka minne bila kupata mtoto. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo, na hakuna aliyelisahau.

Jumatano kichwa kikamshika. Alilala mkekani, kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso, beseni la kutapikia kando yake. Mama mkwe akanitazama, akasema kwa Kiswahili makusudi, ili mgonjwa asikie.

"Mwalimu, si uko na dawa? Ama ni ya wenye wamesoma peke yao?"

Maneno yakanichoma. Nikaitoa chupa. Nilimpa viwili, nikafunga vingine viwili katika karatasi niliyoichana kwenye daftari kuukuu, aende navyo nyumbani. Nikamweleza yote: ameze na chai, alale gizani, asizidishe. Swali la daktari lilinifika kooni, nikalimeza. Ningemuulizaje mwanamke aliyengoja mtoto miaka minne, tena mbele ya mama mkwe wake? Kwetu mimba changa haitajwi wala haiulizwi. Huachwa ijitokeze yenyewe. Nikajiambia kwamba angekuwa nayo tungejua.

Alhamisi wakarudi kwao. Jumamosi nilikwenda soko la Kondele kununua omena, na mama anayeuza odowa, yale mawe laini wanayotafuna wanawake wenye mimba, akaniita.

"Mwalimu! Nyieka wako ameenda? Alikuwa ananimalizia odowa kila asubuhi. Nimemwekea ingine."

Omena niliziacha palepale, nikakimbilia kituo cha basi. Katika basi la Pap Onditi vidole vyangu vilikufa ganzi kama ile wiki ya mitihani, na siku hiyo sikuwa nimemeza chochote. Nilimwomba Mungu kichwa kisiwe kimemrudia. Nikaomba awe anapenda odowa tu, maana wako watu wa namna hiyo. Kisha nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa namwombea asiwe na mtoto.

Nilimkuta jikoni akichambua mrenda.

"Vile vidonge viko wapi?" nikamuuliza hata kabla ya salamu.

Akafungua fundo la leso. Karatasi ilikuwa tupu. Nilichokiona pale ni alama yangu ya vema tu, kwa wino mwekundu.

"Nilimaliza jana. Iko na nguvu, Mwalimu! Kichwa iliisha kabisa."

"Na tumbo?"

Akatazama mlangoni, asije mama mkwe akasikia. "Iliuma kidogo tu. Sasa imenyamaza. Nani alikuambia niko hivi?"

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia. Badala yake nikasema twende zahanati, kwani mimba ya kwanza inafaa kupimwa mapema. Tulipofika nilimvuta mkunga pembeni nikamnong'oneza kila kitu: jina la dawa, idadi, siku. Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Akampima, akamuuliza kama ametokwa na damu. Hakuwa ametokwa.

"Asibebe maji, na asimeze dawa ya mtu tena," mkunga akaniambia. "Hiyo ingine tungoje."

Tulingoja miezi sita. Barua zikitoka Pap Onditi niliziacha mezani mpaka mume wangu afungue, nami nikiutazama uso wake akisoma. Mama mkwe alipolalamika kwamba mke wa mwanawe amekuwa mvivu wa kuchota maji, nilifurahi peke yangu. Kichwa changu kilinijia mara nyingi miezi ile. Kila nilipofungua chupa nilivikumbuka vile vinne.

Akazaliwa msichana, mzima. Nilipokwenda kumwona nilimfunua shuka nikahesabu vidole vya mikono, kisha vya miguu, kisha nikaanza upya. Wanawake wakacheka, wakasema mwalimu anaita majina darasani. Nyieka wangu alikuwa kitandani, kikombe cha uji mkononi.

"Huyu ndiye watu wa Kondele wanaita mchoyo?" akawaambia. "Huyu aligawana na mimi mpaka dawa yake ya kichwa."

Wakapiga vigelegele. Mama mkwe akanimiminia chai mimi kwanza, kabla ya wageni wote. Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili, nikanywa.